Achari Haitaki Watu

Vyakula vyetu vingi hutaka mtu awe karibu navyo. Wali wa nazi unataka jicho. Ukiupa kisogo unashika chini, na harufu inafika kwa jirani kabla hujageuka. Samaki wa mchuzi anataka sufuria itikiswe kwa adabu asije akavunjika. Maandazi ndiyo usiseme: ukigeuka kuitikia salamu, upande mmoja umekwisha kuungua. Achari ya embe ina tabia nyingine. Ukishaipa siki yake, sukari yake na viungo vyake, ukaifunga chupani, inakuomba jambo moja tu, nalo ni uondoke. Nenda zako wiki mbili tatu. Usiifungue, usiitingishe, usiionje, usimwonyeshe mgeni.

Hapo ndipo tunaposhindwa sisi wa Ngamiani, Tanga. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa nyuma, na uani kwetu ndiko kuliko na jiko, bomba, kamba ya nguo, kuku wa Bi Mkubwa wa chumba cha mbele, na watu wote. Kitu kikikaa uani ni cha umma. Chupa ya achari iliyowekwa juu ya rafu ili itulie hupata wageni wengi kuliko mzazi wa juzi. Asubuhi anaipitia mtoto anayekwenda shule, mchana anaipitia mtu aliyekosa kitoweo, usiku anaipitia Mjomba, ambaye akikutwa husema anatafuta kiberiti. Jiko letu ni la gesi na linajiwasha lenyewe.

Si kwamba achari ina haraka ya kuharibika. Siki ya dukani kwa kawaida ina asidi ya asetiki ya asilimia 4 au 5, na embe mbichi yenyewe ni kali. Chumvi na sukari nazo huyashika maji, vijidudu vikakosa pa kuishi. Hata kile kijidudu cha kutisha kinachotia sumu kwenye vyakula vya kopo hakikui mahali penye ukali wa kutosha, yaani chini ya pH 4.6. Mabibi zetu hawakuwa na kipimo cha pH, walikuwa na uso: ukionja ukaukunja, basi imetosha. Kinachoishinda siki ni kijiko. Kijiko kimetoka kwenye chai, kina maji, kina punje ya andazi, kinazamishwa chupani kila mtu kwa zamu yake. Wiki haipiti, achari imeota ndevu. Na hata ikisalimika na ndevu, ikiliwa mapema haina maana. Siku za mwanzo siki ina lake, embe ina lake, na uwatu umekaa chini ya chupa umenuna. Siki lazima ipenye kipande polepole kutoka nje hadi katikati, na kazi hiyo haiharakishwi kwa kuchungulia. Wahenga wamesema subira huvuta heri. Nyumbani kwetu huvuta vijiko.

Mpishi mkuu ni shangazi wa mke wangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye kila msimu wa embe huvuka bahari kuja Tanga kuwaona watoto. Watoto anawaona siku ya kwanza. Siku zinazobaki anaziona embe. Mke wangu aliwahi kuketi naye na daftari ili aandike vipimo vyake visije vikapotea.

"Siki kiasi gani, Shangazi?"

"Ya kufunika."

"Na sukari?"

"Mpaka siki inyamaze."

"Chumvi je?"

"Chumvi itakwambia yenyewe."

Daftari lile tunalo bado. Lina kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na chini yake maneno hayo. Mimi niliyekuwa nikitazama kwa pembeni, nikipima kwa macho, naweza kusema kwamba kwa kilo 2 za embe hutia siki lita 1 hivi na sukari inayokaribia kilo, halafu rai, uwatu, manjano, mdalasini, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, na pilipili ambayo idadi yake hutegemea aliamka vipi.

Embe zenyewe lazima ziwe changa na ngumu, za kuita ukizigonga. Kuzipata soko la Mgandini kunataka moyo. Mchuuzi aliyeamka alfajiri akiapa kwamba embe zake ni asali tupu, ukimwambia unataka kali anaona umekuja kumtafutia ugomvi mbele ya wateja.

"Hizi dodo, mama, hata sukari haioni ndani."

"Sitaki tamu, mwanangu. Nataka kali."

"Kali sina. Zangu zote tamu."

"Na zile za kijani kule nyuma?"

"Zile pia tamu. Hazijasema tu."

Shangazi akamwambia ndizo hizo anazozitaka, kabla hazijasema. Akauziwa kwa bei ya tamu, kwa sababu, kama mchuuzi alivyoeleza, utamu wake umo njiani unakuja.

Kumenya huwa ni kazi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye hana kisu, ana meno. Sasa, embe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja, na utomvu unaotoka kwenye kikonyo cha embe mbichi unababua, kama unavyobabua ule wa ganda la korosho. Mwenye ujuzi hukata kikonyo, akaiinamisha embe imwage utomvu wake, akaiosha, ndipo akaimenya. Shemeji alimenya kwa meno asubuhi ya siku aliyokuwa akingojea wajumbe wa posa. Kufika alasiri midomo yake ilikuwa imemtangulia. Wajumbe walikuwa watu wa heshima, walikunywa kahawa wakala haluwa, na mama mtu mzima mmoja tu ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini iwapo binti ana kawaida ya kununa namna ile au ni siku hiyo tu. Akaambiwa ni embe. Posa ikapita, wakaomba na chupa.

Vipande vikishapakwa chumvi na manjano huanikwa juani juu ya ungo. Chumvi inatoa maji, jua linayachukua, kipande kinasinyaa na kupata njaa ya siki. Jambo rahisi, kama si kunguru. Hawa kunguru wetu wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji, nao wakaona taka za mji mmoja haziwatoshi, wakaenea pwani nzima. Embe nayo asili yake ni Bara Hindi, na ufundi wa achari tumeuchota kwa sehemu kubwa huko huko. Kwa hiyo kunguru akitua juu ya ungo wetu hana sura ya mwizi, ana sura ya mrithi aliyekuja kuulizia mirathi. Tukaweka mtoto mwenye fimbo. Kunguru waliondoka na vipande viwili vitatu. Mlinzi alikula upande mzima wa ungo, tumbo likamsokota, akapumzishwa shule. Kesho yake watoto wa nyumba nzima waligombea nafasi yake.

Halafu kuna suala la sufuria. Siki haipatani na alumini. Ikichemshwa humo inaila sufuria, na achari inatoka na ladha ya chuma. Sisi sufuria za alumini tunazo za kila kimo, kuanzia ya uji wa mtoto hadi ya pilau la arusi. Ya chuma cha pua, nzito, yenye kitako kinene, karibu yetu iko moja tu, nayo ni ya Bi Mkubwa wa chumba cha mbele, zawadi ya mwanawe aliyeko Maskati. Bi Mkubwa haazimishi sufuria, anaingia nayo. Ukiibeba yeye yuko nyuma yake, anaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi na kuanza kutoa maoni. Tena kwa desturi zetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kwa hiyo achari yetu huwa na mdai kabla haijachemka.

Na kuchemka kwenyewe! Siki baridi ni mpole, ikipata moto inapanda hewani kutafuta macho ya watu. Mwaka mmoja Shangazi aliihamishia siki kwenye jiko la ukumbini ili kunguru wasimkaribie, akafunga na mlango wa uani, mvuke ukakosa pa kutokea, ukaingia vyumbani mmoja baada ya mwingine bila hodi. Mjomba alikuwa amelala. Alitoka mbio na kanga isiyo yake puani, akiuliza mabomu ya machozi yamepigwa wapi na nani ameandamana. Alipoelezwa kwamba ni siki alitulia, akatukumbusha kuwa Mtume aliisifu siki kuwa kitoweo chema, kisha akaenda kuketi baraza ya nyumba ya tatu mpaka magharibi.

Ilikuwa katika kukoroga huko, ili Shangazi asichoke, nilipomsimulia habari za Ibn Battuta. Huyu bwana wa Tanja alipopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331 alifikia Mogadishu, akakaribishwa wali wa samli na kuku na nyama na samaki, na pembeni yake akaandaliwa ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Akawaeleza wasomaji wake kwamba hili ni tunda lenye kokwa, likiiva ni tamu, na kabla ya kuiva ni kali mfano wa ndimu, na watu wa pale hulitia siki likiwa bado kali. Akaeleza pia kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba miili yao ni minene. Sababu ya unene hakuitafuta, wakati ameshaitaja mistari michache nyuma: ukiwa na achari ya namna hiyo pembeni, wali hauna mwisho.

Shangazi alisikiliza bila kuacha kukoroga.

"Sukari walitia kiasi gani?"

"Hakusema, Shangazi."

"Na pilipili? Mbuzi au kichaa?"

Nikamwambia hapana, hizo lazima zilikuwa pilipili manga, maana hii yetu ya kuwasha asili yake ni Amerika, na haikuwahi kuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492.

Mwiko ukasimama. "Masikini," akasema, na sikujua anawahurumia watu wa Mogadishu au mgeni wao. Baadaye kidogo akasema mtu aliyekula achari ya watu akaondoka bila kuuliza vipimo si msafiri, ni mpita njia.

Sukari imewahi kutuponza. Shira ikiachwa motoni ikavuka nyuzi 120 hivi, ikipoa haiwi shira tena. Siku hiyo simu ya Wete ililia, na simu ya Wete haiwezi kuwa fupi kwa sababu ukoo mzima unasalimiwa kwa majina, na walio wagonjwa wanasalimiwa mara mbili. Shangazi alipomaliza, ile shira ilikuwa imekwisha kuamua mambo yake. Akaimimina hivyo hivyo. Asubuhi vipande vya embe vilikuwa vimesimama ndani ya kioo cha rangi ya kahawia, vinaonekana vizuri sana, havifikiki. Hiyo ndiyo achari pekee iliyotimiza wiki zake zote rafuni bila kuguswa, mpaka mtu alipoukumbuka mchi.

Karafuu nazo zina yake. Mpemba akitia karafuu hatii punje, anatia konzi, kwa fahari ya kwao. Ndani ya karafuu mna kitu kinachotia ganzi, ndiyo maana mafuta yake huwekwa kwenye jino linalouma. Jirani yetu mmoja mwenye maneno mengi alionja chupa ya karafuu za Shangazi, akakaa barazani robo saa nzima hausikii ulimi wake, anatutazama tu. Watu kadhaa walituuliza kama tunaiuza.

Chupa iliyozua kikao ilikuwa nyingine. Kwa kuwa hakuna anayeiacha achari ipumzike, kila apitaye alikuwa akiinua chupa na kuielekeza kwenye mwanga, akatazama, akatikisa kichwa kitaalamu, akairudisha. Asubuhi moja Bi Mkubwa akainua, akapiga yowe. Vitunguu saumu, vilivyoingia vyeupe, vilikuwa vimegeuka rangi ya kijani inayoelekea buluu. Hakuna chakula cha Tanga chenye rangi ile. Milango na dari za nyumba zipo.

Kikao kikakaa uani. Bi Mkubwa alisema ni jicho la hasidi, akamtaja hasidi mwenyewe kwa umbo, kabila la mumewe, na duka analonunulia unga, jina tu ndilo alilolihifadhi kwa ajili ya kuogopa dhambi ya kusengenya. Shemeji alisema siki ni feki. Mke wangu alisema ni chupa, iliwahi kutiwa dawa ya kikohozi. Mimi nikaeleza kwamba kitunguu saumu kina misombo ya salfa, ikikutana na ukali wa siki hufanya rangi, na kwamba haina madhara yoyote. Kaskazini mwa China watu huloweka vitunguu saumu kwenye siki makusudi ili vigeuke kijani, wakavila wanapoukaribisha mwaka wao mpya. Niliona nimesema vizuri.

"Wachina wana mwaka wao," Shangazi akasema, "na sisi tuna matumbo yetu."

Ikaamuliwa chupa itengwe. Kuitenga ni kuiweka juu ya kabati, na juu ya kabati ni mahali ambapo Mjomba, kwa urefu wake, hufika bila kiti. Chupa ikaanza kupungua. Mke wangu alipogundua hakumwambia, alimweka chini ya uangalizi. Kila asubuhi Mjomba alipofungua mlango alikuta watu wa kutosha ukumbini wakimwitikia salamu kwa makini, wakimtazama weupe wa macho, wakimuuliza amelalaje na choo kimekwendaje. Alifurahi sana. Alisema tangu afiwe na mkewe hajapata kujaliwa namna ile.

Lakini Mjomba naye alikipata chake, na ilikuwa usiku wa kuamkia Idi. Alikuwa amevaa kanzu mpya kuijaribu, nyeupe, imeshonwa kwa mkono shingoni, na kama kawaida akapita rafuni kutafuta kiberiti. Taa haikuwashwa, kwa sababu mtu anayetafuta kiberiti cha namna ile hapendi mwanga. Chupa ilikuwa imefungwa kwa nguvu. Akaikumbatia kifuani ili aishike vizuri, akazungusha kifuniko, kikaachia kwa ghafla, na mchuzi wa manjano ukamrukia kuanzia kwenye kola hadi kitovuni.

Hakumwamsha mtu. Akaenda bombani gizani, akachukua sabuni ya mche, akasugua kwa bidii ya mtu mwenye siri. Sasa manjano yana tabia: mahali penye ukali, mathalani kwenye siki au ndimu, rangi yake hukaa njano; ikikutana na magadi au sabuni hugeuka nyekundu. Bi Mkubwa, aliyeamka kunywa maji, akawasha taa ya uani na kumkuta mtu mzima amesimama bombani, kanzu nyeupe, kifua chote chekundu. Yowe lililotoka hapo lilileta wanaume wa nyumba ya pili wakiwa na fimbo na tochi. Mmoja alikuwa ameanza kumlaza chini na kumtamkisha shahada. Mjomba alikuwa akisema, "Achari, achari," nao wakaona amekwisha kupoteza fahamu.

Shangazi akaja taratibu, akanusa, akachukua siki akamwagia. Wekundu ukarudi njano mbele ya macho yetu. Palikuwa na kimya cha heshima. Mjomba, akiona mambo yameanza kutengemaa, akadhani sabuni kidogo itamalizia. Akasugua, ikawa nyekundu. Siki tena, njano. Watoto walikuwa wameamka wote sasa na kuomba arudie. Usiku ule kanzu ilipita nyekundu na njano mara nyingi, nyeupe haikuipitia. Dawa ya doa la manjano ni jua, linalififisha siku baada ya siku, na jua usiku wa manane halipatikani. Mjomba aliswali Idi akiwa ndani ya koti zito lililofungwa vifungo vyote, katika joto lile la Tanga, na watu waliompa mkono walimwambia amependeza ila apime malaria.

Shemeji aliyeposwa na midomo yake akaolewa Dar es Salaam, na haikupita muda ikaja habari njema: mimba changa, na inataka achari ya nyumbani, si ya dukani. Ombi la namna hiyo halingoji. Ikajazwa chupa kubwa ya plastiki, nikakabidhiwa mimi kwa kuwa nilikuwa na safari. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba Bi Mkubwa, kwa haki yake ya mwenye sufuria, alipita akaionja, akaiona ni kali mno kwa mtoto aliyeko tumboni, akaizimua kwa maji ya bomba na vikombe viwili vya sukari, kwa mapenzi mema kabisa. Siki ikishazimuliwa inapoteza mamlaka. Hamira iliyomo hewani ikipata maji matamu mahali penye joto inaanza kazi yake, na kazi yake ni kutoa gesi.

Chini ya kiti cha basi pana joto la kutosha. Tulipopita Muheza kila kitu kilikuwa shwari. Segera nilinyoosha mguu, nikahisi chupa imenenepa, nikadhani ni mguu wangu uliokufa ganzi. Tulipokuwa tumeipita Mkata, mlio ukatokea. "Tairi!" akapiga kelele mtu wa nyuma, dereva akashika breki, konda akaruka chini, akazunguka gari lote akiyagonga matairi kwa nondo. Yote mazima. Alipopanda tena akiwa na uso wa mtu aliyedhalilishwa, basi zima lilikuwa linanuka siki, uwatu na mdalasini, na kifuniko cha chupa yangu kilikuwa kimekaa kwenye rafu ya mizigo upande wa pili.

Nilitegemea matusi. Bibi mmoja wa kiti cha mbele alitoa kipande cha embe kwenye mikunjo ya mtandio wake, akakitazama pande zote mbili, akasema bismillahi, akala.

"Nzuri," akasema. "Imezidi maji."

Baada ya hapo hapakuwa na kesi. Mtu alikuwa na mihogo ya kukaanga, mwingine mayai ya kuchemsha, dereva akaomba apelekewe mbele kwenye kipande cha gazeti. Chalinze hatukufika na kitu. Nilimfikishia shemeji kifuniko na salamu.

Mwaka jana, tulipokuwa tunapaka chokaa kabla ya Ramadhani, tulisogeza kabati ambalo halijasogezwa tangu tuhamie, na nyuma yake, kati ya ukuta na gunia kuukuu, ilikuwapo chupa ya achari. Nzima, imejaa, haijaguswa. Siki ilikuwa imekula kifuniko, kutu imekishikisha shingoni, nikakipasha kwa kitambaa cha maji moto na kukigongagonga kwa mpini wa kisu mpaka kikakubali. Rangi ilikuwa imekoza kuwa ya kahawa. Vipande vilikuwa laini bila kulegea, na ukitia mdomoni hujui tena siki iko wapi na sukari iko wapi, inakuja tangawizi, inapita, na pilipili inafika mwisho kabisa, pole pole, baada ya wewe kudhani wamekuja wote. Hatujawahi kupika achari ya namna ile. Au labda tumeipika kila mwaka.

Ugomvi ulioanza hapo ulikuwa juu ya nani aliyeisahau. Mke wangu alisema ni yeye, aliificha mwenyewe ili wasiione watu, tena alikuwa na nia ya kuikumbuka. Bi Mkubwa alisema yote kwa yote ilichemkia kwenye sufuria yake. Mjomba alisema kama angejua iko pale tusingeikuta, kwa hiyo sifa ni zake kwa kutojua. Tukampigia Shangazi simu Wete, tukaiweka kwenye spika, na baada ya ukoo kusalimiwa akasema hiyo aliisahau yeye, makusudi, na alikuwa akingoja tu tusogeze kabati.

"Imebaki kiasi gani?" akauliza.

"Robo, Shangazi."

"Basi irudisheni hapo hapo nyuma, muisahau tena."

Tukamwambia haya, Shangazi, inshallah. Mtoto alikuwa ameipindua chupa juu ya sahani ya wali na anaipiga kitako ili imalizike vizuri.